Macho Mawili na Kopo la Maziwa

Kuna vitu vikianguka vinasema ukweli papo hapo. Glasi ikianguka utaokota vipande. Redio ikianguka itanyamaza, au itakwaruza mpaka uipige kofi. Yai ndiyo usiseme. Lakini kuna vitu vingine, ndugu msomaji, vikianguka vinainuka, vinajifuta vumbi na kuendelea na kazi kama kawaida, kumbe ndani vimeshapinda. Hivyo ndivyo vya kuogopa. Nataka nikusimulie kimoja cha ukoo huo, kamera ya kina, na zile siku tulizokaa nayo tukitafuta inaumwa wapi. Usikimbie. Hata kama hujawahi kushika bisibisi, tutakwenda pamoja.

Kamera ya kawaida, ya simu au ya mpiga picha wa harusini, inajua rangi tu. Haijui umbali. Kwake bibi harusi na ukuta ulio nyuma yake vimebandikwa kwenye karatasi moja. Kamera ya kina ndiyo inayojua. Kila nukta ya picha yake inakuja na namba: ukuta uko mita 2, kiti kiko mita 1, pua yako iko sentimita 60. Wengi waliifahamu kwa jina la Kinect, ile ambayo Microsoft waliitoa Novemba 2010 kwa ajili ya michezo ya Xbox 360. Ziliuzwa milioni 8 ndani ya siku 60 za mwanzo. Na wajanja hawakulala: mwezi uleule walikuwa wameshaandika programu ya bure ya kuiunganisha na kompyuta ya kawaida, na tangu hapo kitu cha kuchezea watoto kikageuka jicho la roboti na kipimo cha vyumba. Kinect hiyo iliacha kutengenezwa mwaka 2017, mwaka uleule ambao Apple waliweka kitu cha ukoo huohuo juu ya kioo cha iPhone X ili simu imtambue mwenyewe kwa sura.

Yetu ni ya aina nyingine kidogo. Ina macho mawili yaliyoachana sentimita 5, na katikati yake kuna kitaa kinachomwaga nukta za mwanga wa infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni, ili hata ukuta mweupe mtupu uwe na alama za kushika.

Kwa nini macho mawili? Hebu fanya jambo moja sasa hivi, hata kama uko kwenye daladala na watu watakushangaa. Nyoosha kidole mbele ya uso wako. Fumba jicho la kushoto, kisha fumbua, ufumbe la kulia. Umeona kidole kinavyoruka? Sasa kisogeze mbali, urudie. Kinaruka, ila kidogo. Basi siri yote iko hapo. Kitu kilicho karibu kinaruka sana, kilicho mbali kinaruka kidogo, na ukijua kimeruka kiasi gani unajua kiko umbali gani. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hilo mwaka 1838, akaonyesha kwamba tofauti ndogo kati ya picha za macho mawili ndiyo inayotupa kina. Macho yakikubaliana kwa kila kitu, dunia inakuwa bapa kama chapati. Ni kule kutofautiana kwao kidogo, tena kwa adabu, ndiko kunakotufanya tujue kikombe kiko wapi tusije tukamwaga chai.

Sasa utauliza, kitu hicho sisi wa uswahilini tunakipeleka wapi? Nafanya kazi, nusu kujitolea, nusu posho ya nauli, katika karakana moja ya miguu ya bandia hapa Dar es Salaam. Jina lake niliache. Wanaokuja kwetu ni watu wa aina mbili hasa: wazee ambao kisukari kimewala mguu, na vijana wa umri wangu ambao bodaboda imewatupa barabarani. Mguu wa bandia una sehemu nyingi, lakini roho yake ni moja, nayo ni soketi, lile ganda la plastiki ambalo kigutu kinaingia ndani yake. Soketi ikibana, damu haipiti vizuri. Ikipwaya, ngozi inasuguana na plastiki kila hatua, inatoka malengelenge, malengelenge yanakuwa kidonda. Na kidonda kwa mtu wa kisukari, we mwenyewe unajua kinaishia wapi.

Njia ya zamani ya kuchukua umbo la kigutu ni plasta. Unaviringisha bendeji zilizolowa plasta, unasubiri zikauke, unavua, unapata ganda. Ndani ya ganda unamwaga plasta nyingine, unapata sanamu ya kigutu. Hapo fundi anaishika sanamu na tupa: anakwangua chini ya pia ya goti, mahali panapoweza kubeba uzito, na anaongeza juu ya ncha ya ugoko, mahali pasipotaka kuguswa. Kisha plastiki iliyopashwa moto kwenye oveni inalazwa juu yake. Ni kazi ya mikono, ya uchafu, ya kusubiri, na sanamu zikishajaa stoo hamna pa kuziweka.

Kwa kamera unazunguka kigutu kwa dakika chache, umbo lote linaingia kwenye kompyuta. Hamna kulowana. Umbo halichukui nafasi stoo, na ukitaka unamtumia fundi wa mkoa mwingine kwa intaneti. Ndiyo maana tulipoletewa ile kamera, sisi vijana tulishangilia. Fundi wetu mkuu, ambaye wote tunamwita Mzee, alituangalia tu akaendelea kuchanganya plasta yake.

Jumanne moja jioni umeme ulikatika. Mtu alikuwa anapita na ndoo, waya wa kamera ukamnasa mguuni, stendi ikayumba, na kamera ikaenda chini kutoka kimo cha kifua mpaka kwenye saruji. Alikuwa nani? Sisemi, na hata ningesema isingesaidia. Giza halina mshtakiwa.

Umeme uliporudi tukaichomeka. Kitaa kikawaka. Picha ya rangi ikaja safi kabisa, sura zetu zote na wasiwasi wetu. "Mzima huyu!" mshikaji wangu akapiga makofi. Nikamwambia subiri, hiyo ni picha ya rangi. Nikafungua ya kina. Loh! Mahali ambapo palitakiwa kuwa na ukuta mmoja uliotulia palikuwa na shuka iliyoliwa na panya. Mashimo meusi kila upande. Na katika lugha ya kamera hii, nyeusi haina maana ya giza. Maana yake ni: hapa sijui.

Basi tukaanza. Kanuni ya kutafuta ugonjwa wa mashine ni ileile ya kutafuta funguo uliyopoteza: anza na mahali rahisi, hata kama moyo unakwambia iko kwengine. Usikimbilie kufungua skrubu.

Kwanza waya. Kamera ya namna hii inatapika data nyingi mno, inahitaji njia pana, ile ya USB 3. Ncha ya waya ikipinda kidogo, kompyuta haikatai, inashuka tu kimya kimya na kutumia njia nyembamba ya zamani, USB 2, na picha inadhoofika. Tulipoangalia, programu ikakiri kabisa: imeunganishwa kwa njia ya polepole. Tukatafuta waya mwingine, kasi ikarudi. Tukashangilia. Mashimo yakabaki palepale. Kumbe mgonjwa alikuwa na maradhi mawili, na lile la kwanza lilikuwa limesimama mlangoni kulificha la pili. Wangapi wangeishia hapo? Umekuta kosa, umelirekebisha, unataka kwenda nyumbani. Lakini kukuta kosa si lazima kuwe kukuta lile kosa.

Pili kile kitaa cha nukta. Kama kimekufa, ukuta mweupe utakuwa hauna cha kushika na mashimo yatatokea. Jicho letu haliuoni mwanga wake, lakini kamera ya mbele ya simu nyingi inauona. Jaribu siku moja na rimoti ya televisheni: ielekeze kwenye simu, bonyeza, utaona kinuru cha zambarau. Tukafanya hivyo. Nukta zilikuwepo, zimejaa ukutani kama surua. Kitaa kizima.

Tatu lenzi. Karakana ya plasta ina vumbi mpaka kwenye chai. Tukafuta kwa kitambaa laini. Hamna badiliko.

Alhamisi asubuhi ndipo nikafanya kile ambacho mtu hafikirii kukifanya, kwa sababu programu inapenda kukuonyesha matokeo ya mwisho tu. Nikaiambia inionyeshe picha mbili za macho yake, kushoto na kulia, kila moja peke yake kabla hazijachanganywa. Kila moja ilikuwa nzuri. Kali, safi, haina doa. Ungempeleka daktari wa macho jicho moja moja angesema yote mazima. Halafu nikachukua rula ya plastiki nikailaza juu ya kioo cha kompyuta, nikatafuta nondo moja ya dirisha. Kwenye jicho la kushoto, ukingo wa nondo ulikuwa mstari wa 210 kutoka juu. Kwenye jicho la kulia ulikuwa mstari wa 213.

Mistari mitatu. Robo ya digrii, kama jicho moja limeinamisha kichwa kidogo tu.

Sasa we fikiria kazi ya ile kamera. Picha moja ya ukubwa ule ina nukta laki 9 na ushei, na picha zinakuja 30 kwa sekunde. Kwa kila nukta ya jicho la kushoto inabidi itafutwe pacha wake kwenye jicho la kulia. Ikitafuta picha nzima haitamaliza leo wala kesho. Kwa hiyo kiwandani wanapima macho yote mawili, wanaandika jedwali la kuyanyoosha, ili pacha wa nukta awe siku zote kwenye mstari uleule. Hapo kamera inatafuta kwa kwenda pembeni tu, haipandi wala haishuki. Ni kama watu wawili wanaosoma kitabu kimoja kwa pamoja. Mmoja akiruka mistari mitatu, wote bado wanajua kusoma, sauti zao nzuri, lakini hawaitikiani tena. Kamera ikimtafuta pacha na kumkosa, inasema ukweli wake: sijui. Inachora nyeusi.

Hapa mshikaji wangu akaja na wazo. Ndani ya programu kuna kichujio cha kuziba mashimo. Unakibonyeza, na kila penye "sijui" programu inachungulia nukta za jirani na kukisia. Akakibonyeza. Mara shuka ikashonwa! Ukuta ukawa laini kama siagi. "Si unaona? Imepona," akasema, na kweli machoni ilipendeza.

Ningependa msomaji anayeandika, na najua mko wengi mnaosoma kurasa hizi, akae hapa kidogo. Kichujio hicho hakina ubaya. Shimo la nukta mbili katikati ya ukuta tunaoujua ni halali kuliziba. Lakini shimo likiwa kubwa kuliko kitu chenyewe, unachokiona si kigutu cha mtu tena, ni dhana ya kompyuta kuhusu vigutu. Mara ngapi tumefanya hivyo kwenye karatasi! Hatumjui mama muuza vitumbua anafikiri nini saa kumi alfajiri, basi tunachungulia hadithi jirani, tunakisia, tunaziba, na ukurasa unapendeza. Nikamwambia, kaka, zima hicho kitu. Mashimo ndiyo sehemu ya kweli iliyobaki kwenye hii picha.

Kufungua hatukufungua. Macho ya kamera hizi yamefungwa kwenye bamba moja la chuma ili yasicheze hata kidogo. Ukilegeza skrubu moja kwa mkono wako umeongeza ugonjwa. Dawa iliyopo kwa mtu wa nje ni kuandika upya lile jedwali la kunyoosha. Macho yamepinda, haya, basi kamera ijue yamepinda kiasi gani na ifidie. Watengenezaji wengi wanatoa programu ya kufanya hivyo. Unaielekeza kamera kwenye ukuta wenye madoadoa, unaituliza, inajichunguza, inakuja na jedwali jipya. Tulibandika magazeti ya zamani ukutani, tukasubiri.

Mashimo yakaondoka. Hakuna kichujio wala ujanja, ukuta umejaa kutoka kona hadi kona. Ile saa ilikuwa bomba, bwana. Watu walipeana mikono. Chips mayai zikaagizwa.

Mzee alikuja akasimama nyuma yetu, mikono imejaa plasta hadi kwenye viwiko. Akatazama skrini kwa muda.

"Picha imependeza," akasema. "Sasa niambie, mwanangu, huo ukuta uko umbali gani?"

"Kamera inasema milimita 508, Mzee."

Hakunijibu. Akachukua futikamba kwenye mfuko wa koti lake, akaweka ncha moja kwenye kioo cha kamera, akavuta hadi ukutani. Akarudia mara mbili. Milimita 500 kamili.

"Milimita nane tu, Mzee," mshikaji akasema. "Si kitu."

Mzee akaenda kabatini akarudi na kopo tupu la maziwa ya unga. Akalizungushia futikamba: mzunguko milimita 314. "Lipigeni picha kama mnavyopiga mguu." Tukalizunguka na kamera. Kompyuta ikasema 319. Mzee akaweka kopo mezani. "Hizo tano," akasema taratibu, "ndizo kidonda."

Usiku ule nikakaa na kalamu. Hesabu yenyewe si ngumu, na inafaa uione, kwa sababu ndiyo moyo wa jambo. Kwenye kamera ya ukubwa huo, kitu kilicho nusu mita kinaruka kama pikseli 64 kutoka jicho moja hadi jingine. Kilicho mita 1 kinaruka 32. Kilicho mita 2 kinaruka 16. Umbali ukiongezeka mara mbili, mruko unapungua nusu. Sasa tuseme jicho moja limegeuka pembeni kwa pikseli moja tu, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Kwenye kipande kinachopokea mwanga, pikseli hiyo ni milimita 3 zikigawanywa kwa elfu. Unywele wako mmoja ni mnene zaidi ya mara kumi. Kitu cha nusu mita sasa kinaonekana kuruka 63 badala ya 64, na kamera inasema kiko milimita 508. Zilezile nane! Cha mita 1 kinasogea kwa zaidi ya sentimita 3. Cha mita 2 kinasogea sentimita 13. Umbali ukiwa mara mbili, uongo unakuwa mara nne.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuanguka kule kuliumiza macho kwa namna mbili. Jicho likipinda kwenda juu au chini, mistari haikutani, kamera inakosa pacha, inachora nyeusi. Inakiri. Lakini jicho likipinda kwenda pembeni, pacha wapo, kwenye mstari uleule, wazuri kabisa, ila wamesogezwa. Kamera inawapata, inafurahi, inatoa namba. Hamna shimo hata moja. Namba zote si za kweli. Na ile programu ya kujichunguza iliweza kuponya namna ya kwanza kwa sababu kamera inaweza kuona yenyewe kwamba mistari yake haikutani. Namna ya pili haiwezi kuiona kwa macho yake yenyewe, hata itazame ukuta mwaka mzima. Inahitaji mtu wa nje mwenye futikamba.

Asubuhi ya Ijumaa akaja yule kijana. Alitoka Mkuranga alfajiri, kwa magongo, amebadilisha gari mara mbili, nauli ya kwenda na kurudi amechangiwa. Mguu alikuwa ameupoteza chini ya goti, bodaboda na lori. Tulikuwa tumemwahidi kamera. Alikuwa amesikia habari zake, akavaa shati la kupigiwa picha.

Kulikuwa na mabishano pale nje, ya sauti ya chini. Wengine wakasema tumpige tu, tutoe asilimia moja na nusu kwenye kompyuta, mambo kwisha. Lakini kosa lile halikuwa la kugawa sawasawa: sehemu ya mguu iliyo mbali zaidi na kamera inadanganywa zaidi kuliko iliyo karibu, kwa hiyo umbo lenyewe linapinda, si ukubwa tu. Na nani angemhakikishia kwamba kosa la jana ndilo la leo? Mzee hakuingia kwenye mabishano. Alikuwa ameshachota maji ya vuguvugu.

"Mdogo wangu," nikamwambia yule kijana, "ile kamera ilianguka. Leo tunakupima kwa plasta."

"Mbona nasikia inawaka?"

"Inawaka. Ila haijui uko wapi."

Akacheka. Akakaa, akanyoosha kigutu, Mzee akaanza kuviringisha. Baada ya wiki tatu alirudi kuchukua mguu. Akatembea kati ya vyuma viwili vya mazoezi, akaenda akarudi, akakaa, akavua, tukatazama ngozi. Wekundu mdogo pale panapotakiwa kuwa na wekundu, chini ya pia ya goti. Kwengine kupo safi. Akavaa tena mwenyewe.

Kamera hatukuitupa. Mwisho wa wiki ile tulifanya hatua ya pili ya matibabu, ile ya kuiambia ukweli: tuliiweka mbele ya ukuta, tukapima kwa futikamba, tukaiandikia kwamba umbali huu ni milimita 500, jirekebishe. Ikakubali. Ikasoma 500. Tukaisogeza nyuma hadi mita 1, ikasoma vizuri. Tukapiga kopo, 314. Mshikaji akaniangalia kama anayesema, haya sasa, unataka nini tena?

Tukaanzisha daftari. Kila siku asubuhi kabla ya kazi, kopo moja, namba moja. Jumatatu 314. Baada ya saa nzima ya kuwaka, kamera imepata joto, 316. Jumanne 313. Ijumaa 317. Yaani halikuwa jicho lililopinda likatulia. Kuna kitu ndani kilikuwa kimelegea, na kila ikipashwa moto au kuguswa linakaa mkao mpya. Ugonjwa usiobadilika unaweza kuufidia. Wa kubadilika kila siku hauna jedwali. Baada ya wiki mbili Mzee akasoma daftari lote, akaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha plasta ya kidonda, akakibandika mgongoni mwa kamera: SI YA KUPIMIA WATU. Sasa tunafundishia wanafunzi wa mazoezi. Nawapa kamera inayowaka, yenye picha safi isiyo na shimo, halafu naenda kunywa chai na kuwaacha waniambie inaumwa nini. Wengi wanaanza na waya. Wachache sana wanaulizia futikamba.

Sisi vijana tunapenda kuamini kwamba wazee wanaogopa mashine. Mzee hakuwa na woga wowote na ile kamera. Alikuwa na swali moja tu, swali ambalo angemuuliza mtu yeyote anayedai anaona: uko umbali gani na unachokisema, na nani amepima zaidi yako? Swali hilo halihitaji umeme. Mimi nalichukua hata kwenye karatasi hizi ninazoandika. Nikimaliza hadithi na kuipenda sana, namtafuta mtu aliyekuwepo, namsomea, nasubiri aseme pale si hivyo.

Daftari lipo bado, limeshachafuka plasta. Kamera nyingine imekuja, mpya, kwenye boksi lake lenye sponji. Siku ya kwanza, kabla hatujaipiga picha hata moja ya mguu, ilisalimiana na kopo. 314. Siku ya pili, 314. Tunaendelea kuandika.